Gari Linazima Likisimama: Tuulize Kabla ya Kununua Spea

Ndugu wanakikundi, vikundi vingi tunavyovitembelea vina gari sasa. Kingine kilichanga pesa kidogo kidogo mpaka kikanunua pikapu iliyokwisha tumika, kingine kilisaidiwa na wafadhili. Gari hilo hubeba maziwa asubuhi, kabeji na mbolea mchana, na usiku mama akishikwa na uchungu ndilo hilo hilo linalompeleka hospitali. Kwa kawaida si gari jipya, na kuna ugonjwa mmoja unaoyapata magari ya namna hii karibu yote. Barabarani linakimbia vizuri. Likifika mahali pa kupunguza mwendo, kwenye tuta au kwenye lango la soko, injini inatetemeka kidogo, halafu kimya. Dereva anapiga stata, linawaka. Akiondoa mguu kwenye mafuta, kimya tena.

Wengi husema huo ni usumbufu tu, eti dereva azoee kukanyaga mafuta kidogo wakati wote. Sisi hatukubaliani nao, na sababu ya kwanza ni breki.

Ukifungua boneti upande wa dereva utaona kitu cheusi cha duara kama sufuria iliyofunikwa. Hiyo ni busta ya breki. Inafanya kazi kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini kupitia paipu nene ya mpira. Injini ikizima gari likiwa kwenye mteremko, busta hubaki na akiba ya kukanyaga mara moja, mbili, pengine tatu. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Breki haijafa, ila sasa inataka nguvu zote za mguu. Dereva asiyejua jambo hili hushtuka, huachia na kukanyaga tena na tena, na kila akikanyaga anamaliza akiba. Mwambieni dereva wenu leo: injini ikizima mteremkoni, kanyaga mara moja kwa nguvu zako zote na usiachie, tia gia ndogo, vuta breki ya mkono polepole. Usukani nao, kama ni ule wa pawa, utakuwa mzito ghafla. Usishindane nao kwa mkono mmoja.

Sababu ya pili ni mfuko wa kikundi. Ugonjwa huu una vyanzo vingi, na fundi anayekisia huanza na kile anachoweza kuuza. Plagi mpya, haikusaidia. Pampu ya mafuta, haikusaidia. Kabureta nzima, na bado. Kila spea inaingia kwenye daftari la mweka hazina, na gari linazima kama jana.

Kwa nini linakimbia lakini haliwezi kusimama?

Hebu tuelewe jambo moja, mengine yatakuwa rahisi. Tunazungumza kwanza juu ya gari la petroli lenye kabureta. Ndani ya kabureta kuna kisahani kidogo kinachofunguka dereva akikanyaga mafuta. Kikifunguka, hewa nyingi hupita kwa kasi na kuvuta petroli kutoka kwenye tundu kubwa. Dereva akiondoa mguu, kisahani kinajifunga karibu kabisa. Tundu kubwa halitoi kitu tena. Injini sasa inaishi kwa njia nyingine ndogo kabisa, ambayo mafundi huiita slo jeti. Tundu lake ni jembamba, kama nusu milimita hivi. Chembe moja ya vumbi la murami yatosha kuliziba.

Ndiyo maana kasoro ndogo isiyoonekana gari likiwa kwenye mwendo huonekana mara tu linaposimama. Mtu mwenye mafua hutembea sokoni bila shida, lakini mpe apumue kwa mrija wa soda uone. Na ndiyo maana gari linalokimbia vizuri na kufa kwenye slo halina haja ya pampu mpya ya petroli kama jambo la kwanza. Pampu dhaifu ingeonekana zaidi kwenye mlima, gari likiwa na mzigo, wakati injini inataka mafuta mengi. Kwenye slo injini hunywa kidogo sana.

Swali la kwanza: linazima lini?

Dereva huja na kusema, "Gari inazima zima." Hiyo haitoshi. Muuguzi wa dispensari hakupi dawa kwa kuambiwa "naumwa." Kaeni naye chini, mumwulize kwa upole, na katibu aandike.

Linazima asubuhi likiwa baridi, halafu likipata moto linatulia? Basi tazameni choki, yaani kile kisahani cha juu kinachofungwa ili injini baridi ipate petroli nyingi. Huenda waya wake umekatika au umekwama.

Linazima likiwa limepata moto sana, hasa mchana baada ya kupanda mlima, na kuwaka tena ni shida mpaka lipoe? Hapo huenda petroli inachemka ndani ya kabureta au kwenye paipu iliyo karibu na joto, au koili inachoka kwa moto. Tazameni pia kama maji ya rejeta yako sawa.

Linazima dereva akikanyaga breki? Swali hili msilisahau hata kidogo. Kama linatetemeka au kufa wakati huo huo mguu unapogusa breki, busta au paipu yake inapitisha hewa. Gari hilo lisibebe mtu mpaka litengenezwe.

Linazima usiku taa zikiwashwa? Tazameni betri, fen belti na altaneta. Linazima usukani wa pawa ukizungushwa mpaka mwisho? Injini inashindwa kubeba mzigo mdogo kwenye slo, kwa hiyo tayari ni dhaifu. Linazima mara tu mguu unapoondoka, bila hata kutetemeka, kama taa iliyozimwa? Hilo lina mshtakiwa wake maalum, tutamtaja hapa chini. Na mwisho, lilianza lini? Baada ya servisi? Baada ya kununua mafuta ya jerikeni? Mara nyingi jibu liko hapo.

Choki itatuambia upande wa kwenda

Kabla ya kugusa injini, simamisheni gari mahali tambarare na wazi, gia ikiwa huru, breki ya mkono imevutwa, mawe nyuma ya magurudumu. Msiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Leso, mikono mirefu na tai vikae mbali na feni. Sigara hapana.

Sasa injini ikiwa imepata moto na inataka kufa kwenye slo, mtu mmoja avute choki kidogo kidogo mpaka nusu. Kama choki ni ile ya kujiendesha yenyewe, fundi afunike sehemu ya mdomo wa kabureta kwa kipande cha ubao. Mkono usitumike, kwa sababu injini yaweza kutema moto.

Sikilizeni. Injini ikitulia na kunguruma vizuri, ilikuwa na njaa: petroli ni kidogo au hewa ni nyingi mno. Ikizidi kutetemeka, kutoa moshi mweusi na kufa, ilikuwa imevimbiwa: petroli ni nyingi mno au hewa ni kidogo. Kipimo hiki hakigharimu hata senti moja, na tunaona ajabu kwamba kinatumika mara chache sana kwenye gereji zetu.

Injini yenye njaa

Mshtakiwa wa kwanza ni hewa ya wizi, yaani hewa inayoingia ndani ya injini bila kupita kwenye mlango wa kabureta. Inapita kwenye mpira uliopasuka, kwenye gasketi iliyo chini ya kabureta, au kwenye nati zilizolegea. Anza kwa macho na vidole: pindeni kila paipu nyembamba ya mpira mtazame upande wa chini, kwa maana mpira hupasuka mahali usipoonekana. Chukueni kipande cha bomba la mpira, mwisho mmoja sikioni, mwingine uutembeze karibu na maungio. Hewa ya wizi hupiga mluzi. Halafu mtu abane paipu moja moja kwa koleo lililofungwa kitambaa. Mkibana moja na injini ikatulia, mwizi yuko kwenye paipu hiyo au kwenye kile inachokwenda. Kwa gasketi, nyunyizeni maji kidogo kwenye maungio kwa chupa ya kunyunyizia. Injini ikibadilisha sauti, hapo panavuja. Maji yasiguse distuributa wala nyaya za plagi. Wako wanaonyunyiza petroli kwa kazi hii. Msiwaruhusu, injini ni ya moto.

Mshtakiwa wa pili ni kijidude cha umeme kilichofungwa kwenye ubavu wa kabureta nyingi za Kijapani, chenye waya mmoja au mbili. Kazi yake ni kufungua slo jeti ufunguo ukiwashwa na kuifunga ukizimwa. Waya wake ukikatika au fyuzi ikiungua, gari hukimbia vizuri lakini hufa mara tu mguu unapoondoka. Huyu ndiye mshtakiwa tuliyemwahidi. Hakikisheni hakuna petroli inayovuja, washeni ufunguo bila kuwasha injini, chomoeni waya na kuurudisha. Kinapaswa kulia "tik" kila mara. Kikinyamaza, pimeni kama umeme unafika. Waya wa shilingi chache umewahi kuuza kabureta nzima.

Mshtakiwa wa tatu ni slo jeti yenyewe. Fundi aitoe, aipulize kwa hewa ya kompresa na aioshe kwa dawa ya kabureta. Asiichokonoe kwa waya, maana tundu likipanuka haliwezi kurudi, na gari litakunywa mafuta siku zote. Kama imeziba mara mbili kwa mwezi, kuiosha hakutoshi, tafuteni uchafu unatoka wapi. Badilisheni chujio la petroli na mchunguze tangi kama lina kutu.

Injini iliyovimbiwa

Anzeni na chujio la hewa. Barabara zetu ni za vumbi, na chujio lililojaa vumbi ni sawa na kumziba mtu pua. Litoeni, washeni injini dakika moja bila chujio, msikilize. Ikitulia, nunueni jipya, na msiendeshe gari bila chujio kwa kuwa vumbi hula injini. Kama chujio ni safi, choki yaweza kuwa imekwama ikiwa imefungwa, au sindano ya boya ndani ya kabureta haifungi vizuri na petroli inafurika.

Plagi nazo husema. Plagi ya injini yenye afya ina rangi kama ya chai ya maziwa. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli ni nyingi. Ikiwa nyeupe, ina njaa. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu wa oili, injini inakula oili, na hilo ni somo jingine.

Wanakikundi wa sehemu za juu wazingatie jambo hili. Nyahururu iko zaidi ya meta 2,300 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni pungufu kwa karibu moja kwa tano kuliko Mombasa. Pikapu iliyorekebishwa kabureta Pwani ikipelekwa Nyahururu itakuwa inapata petroli nyingi kuliko hewa. Itatoa moshi na kuzima kwenye slo ingawa haina ugonjwa wowote. Inataka kurekebishwa tu.

Moto na mafuta

Kama choki haikuonyesha tofauti yoyote, tazameni upande wa moto. Plagi zilizoachana mno, waya wa plagi uliopasuka, kifuniko cha distuributa chenye ufa au unyevu, na katika magari ya zamani pointi zilizoungua. Waya wa plagi usishikwe kwa mkono injini ikiwaka. Valvu zilizokazwa mno pia huua slo, hasa kama gari limepita muda mrefu bila kupimwa valvu.

Mafuta yenyewe je? Wekeni petroli kidogo kwenye chupa ya kioo iliyo safi, iache itulie. Maji ni mazito, yatakaa chini na mtaona mstari. Maji huingia kupitia madramu na jerikeni, na tangi linaloachwa tupu usiku hukusanya unyevu. Ili kujua kama kuna mafuta taa, dondosheni tone kwenye karatasi nyeupe mbali na moto. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha kitu, lakini mafuta taa huacha doa la mafuta. Biashara hii ya kuchanganya ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 Serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili bei yake isiwavutie wachanganyaji. Petroli ya kando ya barabara ni rahisi, lakini hesabuni na plagi.

Skrubu ya slo

Sasa tufike kwenye jambo linalotukera. Kwenye kabureta kuna skrubu inayoongeza kasi ya injini ikiwa imesimama. Gari likizima, fundi mvivu huchukua bisibisi na kuikaza skrubu hiyo. Injini inapiga kelele, haizimi, mnalipa, mnakwenda. Ugonjwa uko pale pale, umefunikwa blanketi. Injini nyingi za petroli za namna hii hutakiwa kuzunguka kama mara 700 hadi 850 kwa dakika kwenye slo, na mara nyingi kipimo halisi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti. Ikipandishwa sana, gari linakula mafuta likiwa limesimama, gia inaingia kwa kukwaruza, na mteremkoni gari linamsukuma dereva.

Kikundi kimoja cha maziwa tunachokifahamu kilikuwa na pikapu ya aina hiyo. Kwa miezi minne walinunua plagi, pampu, na kabureta ya mitumba, na mwishowe skrubu ikakazwa. Mweka hazina wao, mama ambaye hajawahi kushika usukani, alichoka kuandika risiti. Akamwuliza dereva mbele ya kamati, "Baba, hebu niambie, kabla ya kukaza skrubu ilikuwa inazima ukifanya nini?" Dereva akafikiri, akasema, "Nikishika breki." Walibana paipu nene ya busta kwa koleo na injini ikatulia hapo hapo. Mpira ulikuwa umepasuka kwa chini, urefu wa kidole, karibu na klampu. Miezi yote hiyo pikapu ilikuwa ikishuka mlima na watu nyuma, breki ikiwa nusu. Mpira ule ulikuwa wa bei ndogo kuliko plagi nne.

Kwa hiyo skrubu isiguswe mpaka chanzo kimejulikana. Na fundi akitaka kugusa ile skrubu nyingine, ya kuchanganya hewa na petroli, kwanza aizungushe ndani taratibu akihesabu mizunguko mpaka iguse mwisho bila kukaza, hesabu iandikwe, ndipo airudishe. Bila hesabu hiyo hakuna anayeweza kurudi alikotoka.

Gari lisilo na kabureta

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka 8, kwa hiyo magari yanayoingia sasa hayana kabureta. Petroli hupulizwa kwa kompyuta. Maswali ya "lini" ni yale yale, na hewa ya wizi ni ile ile, hasa kwenye bomba kubwa la mpira linalotoka kwenye chujio la hewa. Tofauti ni kwamba mlango wa hewa hujaa masizi meusi na valvu ndogo ya slo hukwama. Kuosha kwa dawa yake na kitambaa laini mara nyingi kunatosha. Ile sensa ya kupima hewa, yenye waya mwembamba kama unywele, isiguswe kwa kidole. Betri ikichomolewa, injini yaweza kusumbua kidogo mpaka kompyuta ijifunze upya, msikimbilie kununua. Na taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, lipeni kwanza mwenye mashine ya kusoma kompyuta, kisha ndipo muongee habari ya spea.

Ya kufanya kabla ya mkutano ujao

Mkusanyike kwenye gari, injini ikiwa imezimwa. Kila mmoja aonyeshwe busta, paipu yake, chujio la hewa na kabureta. Mkanyage breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu, mguu ubaki hapo, kisha mtu awashe injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo yenyewe. Isiposhuka, busta haipati mvuto, na safari ya kesho iahirishwe.

Katibu afungue kurasa mbili za daftari kwa ajili ya gari. Ukurasa mmoja uwe wa dereva: tarehe, mahali, injini ilikuwa baridi au ya moto, na alikuwa anafanya nini ilipozima. Ukurasa wa pili uwe wa fundi: alipima nini, aliona nini, alibadilisha nini. Spea ya zamani irudishwe kwa kikundi ikiwa ndani ya karatasi, na mweka hazina asilipe kabla hajaiona.